Mteremko hupimwa ukiwa umelowa: ombi la jedwali la mikato ya udongo mwekundu wa Magarini

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijadili jambo ambalo aghalabu hutajwa pale tu mtu anapokuwa ameshafukiwa, yaani uthabiti wa miteremko ya udongo tunayoikata wenyewe kwa majembe, machepe na matingatinga katika ukanda huu wa Malindi na Magarini. Habari za maporomoko zinapoandikwa nchini, mvua ndiyo hubebeshwa lawama yote. Mvua ina sehemu yake, nami nitaieleza, lakini masika si mgeni wa ghafla: hunyesha kati ya Aprili na Juni, Mei ikiwa kilele chake hapa pwani, na mkato wowote wa udongo ambao haukuhesabiwa kwa hali utakayokuwa nayo mwezi wa Mei haukuhesabiwa kabisa.

Nimefanya kazi ya kupima udongo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nami nitajitahidi kueleza hesabu yenyewe kwa lugha ambayo kibarua wa timboni na diwani wake wanaweza kuifuata pamoja. Wahandisi huchukua nguvu zote zinazouzuia udongo usiteleze, wakazigawanya kwa nguvu zinazousukuma uteremke. Jibu linalopatikana huitwa uwiano wa usalama. Likiwa 1, mteremko umesimama ukingoni mwa kuanguka, hauna akiba yoyote. Likiwa chini ya 1, kwa mujibu wa hesabu ulipaswa kuwa umeshaanguka. Desturi ya kazi ni kutaka takriban 1.5 kwa mteremko wa kudumu ulio karibu na watu au barabara, na takriban 1.3 kwa mkato wa muda mfupi. Nambari hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Zimewekwa juu ya 1 kwa sababu udongo haufanani kutoka hatua moja hadi nyingine, na kwa sababu tunachokijua chini ya ardhi ni kile kidogo tulichokichimbua na kukipeleka maabara.

Tuchukue mchanga mkavu usio na mfinyanzi, ambao punje zake husimamishana kwa msuguano tu, na tuseme maabara imeona kwamba pembe ya msuguano wake, yaani kipimo cha jinsi punje zinavyozuiana zisiteleze, ni nyuzi 34. Tukiukata kwa mwinamo wa kupanda mita moja kwa kila mita mbili za kwenda mbele, yaani nyuzi 27 hivi, uwiano wa usalama ni tanjenti ya pembe ya msuguano gawanya kwa tanjenti ya mwinamo, na jibu ni 1.35. Urefu wa mteremko hauingii popote katika hesabu hiyo. Sasa mteremko uo huo ulowe hadi juu, maji yawe yanatiririka ndani yake sambamba na uso wake, kama inavyotokea baada ya mvua ya siku kadhaa mfululizo. Jibu hushuka hadi karibu 0.7. Mwinamo haujabadilika, punje ni zile zile, wala hakuna aliyeongeza mzigo juu.

Kilichobadilika ni kwamba maji yaliyo kati ya punje yamebeba sehemu ya uzito ambao awali ulizifanya zikandamizane. Msuguano hutegemea mkandamizo huo. Mhandisi Karl Terzaghi ndiye aliyeiweka kanuni hii sawasawa katika miaka ya 1920, na taaluma yote ya mitambo ya udongo imejengwa juu yake: nguvu ya udongo inatokana na mkandamizo unaobaki baada ya shinikizo la maji kuondolewa, wala si uzito mzima wa udongo ulioko juu. Wengi wetu tunadhani maji huangusha udongo kwa sababu huufanya uwe laini na mzito. Uzito unachangia, lakini ni jambo la pili, kwani mchanga safi uliojaa maji haujalainika hata kidogo na bado umepoteza nusu ya uwezo wake wa kujishikilia.

Udongo wetu wa Magarini una tabia yake, na hapo ndipo hatari inapojificha. Ni mchanga mwekundu ambao wanajiolojia wameupa jina la eneo lenyewe, na yeyote aliyefika Nyari kule Marafa, mahali watalii wanapopaita Hell's Kitchen, yaani Jiko la Jehanamu, ameona jinsi jamii hii ya udongo inavyoweza kusimama wima kama ukuta, na jinsi mvua inavyoendelea kuzimega kuta hizo na kuusogeza ukingo nyuma. Husimama kwa sababu punje zake zimeshikanishwa na mfinyanzi kidogo na kutu ya chuma, na kwa sababu unyevu mdogo uliobaki kati ya punje huzivuta zikaribiane. Mshikamano unaotokana na unyevu ni mkopo. Watoto wanaojenga nyumba za mchanga pwani ya Silversands wanaujua vizuri: mchanga mbichi hukubali kusimama, wimbi likiufikia hulala.

Mwenye timbo mmoja wa kifusi, ambaye sitamtaja wala kulitaja timbo lake, alinijibu nilipomwonya kuhusu ukuta wake: "Mzee, udongo huu ni jiwe. Umesimama hivi tangu tulipoanza kuchimba." Alisema kweli kuhusu alichokiona. Basi na tuufanyie hesabu ukuta wa namna hiyo. Tuseme udongo una mshikamano wa kilopaskali 10, pembe ya msuguano ya nyuzi 30 na uzito wa kilonyutoni 18 kwa kila mita ya ujazo. Kanuni ya ukuta wima inatupa kimo cha mwisho cha karibu mita 3.8 kabla ya kuanguka, bila akiba yoyote. Nyufa zikishajitokeza kwa juu, kimo hicho hupungua hadi takriban mita 2.6. Mvua ikiuingia udongo na kuuondolea unyevu ule unaovuta, mshikamano ukabaki kilopaskali 3 tu, kimo kinachoweza kusimama chenye nyufa huwa chini ya mita moja. Vipimo hivi ni vya mfano na havikutoka katika timbo lake, lakini vinaonyesha mwendo wa jambo: ukuta uliosimama Februari kwa kimo cha mtu aliyenyoosha mikono hauna haki ya kusimama Mei.

Nyufa hizo zinaonekana kwa macho, na ningependa kila anayefanya kazi timboni ajue kuzitafuta. Huanza juu, nyuma ya ukingo, zikienda sambamba nao, kwa umbali ambao mara nyingi ni hatua moja au mbili. Mwanzoni ni nyembamba kama mstari uliochorwa kwa kijiti na nyasi huzificha, hata mtu huvuka juu yake akielekea kumwonyesha dereva mahali pa kuegesha. Kipande cha udongo kilicho mbele ya ufa kimeshaanza kuachana na ardhi iliyo nyuma yake, na kilichobaki kukishikilia ni sehemu ya chini tu. Maji ya mvua yakiujaza ufa, huusukuma ukuta kwa mbele, na nguvu hiyo huongezeka kwa mraba wa kina cha maji. Juu ya yote haya, vibarua wana mazoea ya kuchimba kwa chini, kuupekecha ukuta miguuni hadi sehemu ya juu ianguke yenyewe, kwa kuwa namna hiyo hupunguza kazi ya jembe. Huko ni kuondoa kile kile kilichokuwa kikiubeba ukuta, kukiwa na mtu amesimama chini yake. Mita moja ya ujazo ya udongo huo ina uzito wa karibu tani 1.8. Anayefukiwa hadi kifuani, hata kama kichwa kiko nje, huenda asiweze kukitanua kifua avute pumzi.

Hoja ya "umesimama miaka mingi" nayo inahitaji kujibiwa kwa makini, kwani hata wasomi huitumia. Katika udongo wa mfinyanzi, mkato mpya mara nyingi huwa na nguvu zaidi siku unapokatwa kuliko utakavyokuwa baadaye. Kuondoa uzito wa udongo uliokuwa juu hushusha shinikizo la maji ndani ya mfinyanzi kwa muda, na kwa kuwa maji hupita humo polepole mno, shinikizo huchukua miaka kurudi. Mikato ya reli iliyochimbwa katika mfinyanzi wa London iliteleza miongo kadhaa baada ya wachimbaji kuondoka, na mhandisi Alec Skempton aliitumia mikato hiyo kueleza jambo hili mwaka 1977. Tuta la barabara linalojengwa juu ya mfinyanzi laini huenda kinyume: hatari yake kubwa iko siku za ujenzi na muda mfupi baada yake, na ardhi iliyo chini yake ikishaminywa maji huzidi kuwa imara. Kwa hiyo umri wa mteremko peke yake hauthibitishi chochote mpaka tujue ni mteremko wa kukatwa au wa kujazwa, na wa udongo gani.

Kingo za mto Sabaki zina kanuni yake pia, nami nasikitika kwamba wanaochota mchanga huko hawajaelezwa. Mto unapojaa, watu hukimbia, na hilo ni sawa. Lakini wakati maji yako juu, yenyewe husaidia kuuegemeza ukingo. Mafuriko yakishuka upesi, egemeo hilo huondoka huku udongo wa ukingoni ungali umejaa maji ambayo hayajapata muda wa kutoka, na ndipo vipande vikubwa vya ukingo huanguka, pengine chini ya jua kali, siku ambayo kila mtu amejiambia hatari imepita na amerudi na chepe lake. Wahandisi wa mabwawa ya udongo huhesabu hali hii ya maji kushuka ghafla kama hali ya peke yake, na mara nyingi ndiyo inayoamua mwinamo wa upande wa bwawa unaokabili maji.

Njia za hesabu hazikosekani. Mwaka 1916 gati la Stigberg katika bandari ya Göteborg, Uswidi, lilitelezea majini, na waliolichunguza wakaona kwamba udongo ulikuwa umeteleza juu ya uso wenye umbo la sehemu ya duara. Kutokana na kazi hiyo, na ile ya Wolmar Fellenius na wenzake waliochunguza maporomoko kando ya reli za nchi hiyo, ikapatikana njia ya kuukata mteremko katika vipande wima, kukadiria kila kipande kinasukuma kiasi gani na kinazuia kiasi gani, kisha kujumlisha. Alan Bishop aliiboresha mwaka 1955 kwa kuzingatia vizuri zaidi jinsi vipande hivyo vinavyosukumana. Siku hizi kompyuta hujaribu maelfu ya nyuso za mtelezo kabla chai haijapoa, ikatoa picha ya duara yenye rangi za kupendeza na nambari ya tarakimu mbili baada ya nukta. Nimeziona ripoti ambazo picha hiyo imechukua ukurasa mzima huku maji ya chini ya ardhi yakiwa hayakutajwa, maana yake aliyejaza programu aliuacha mteremko mkavu. Kompyuta haijui kwamba kuna mwezi wa Mei asipokuwepo wa kuiambia.

Na pale maji yanapojulikana yakapuuzwa, tumeona yanayofuata. Tarehe 21 Oktoba 1966, katika kijiji cha Aberfan huko Wales, rundo la taka za mgodi wa makaa ya mawe liliporomoka kutoka mlimani likaifunika shule. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Rundo lile lilikuwa limewekwa juu ya chemchemi, na chemchemi hizo zilikuwa zimechorwa katika ramani. Hapa kwetu, Novemba 2019, maporomoko ya Pokot Magharibi yaliua watu zaidi ya 40 katika miteremko ya asili iliyo mikali kuliko yoyote tuliyo nayo pwani. Nataja tofauti hiyo kwa sababu sisi hatuna milima ya kulaumu. Miteremko inayotutisha katika ukanda huu, ukiacha kingo za mto na Nyari yenyewe, ni ile tuliyoichimba, na kwa hiyo tuna uwezo kamili wa kuamua mwinamo wake.

Sheria zipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa wafanyakazi wake, na uchimbaji wa matimbo ni miongoni mwa kazi zinazohitaji kuchunguzwa athari zake chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Ila ripoti nilizopata kuzisoma hushughulika zaidi na vumbi, kelele na upandaji miti baada ya kazi kwisha, na mteremko hupewa sentensi moja inayosema mkandarasi atachukua tahadhari zinazofaa. Tahadhari gani, kwa mwinamo upi, maji yakiwa wapi? Anayeidhinisha ripoti kama hiyo ameidhinisha kitu asichoambiwa.

Ombi langu kwa Serikali ya Kaunti ya Kilifi ni hili. Udongo mwekundu wa Magarini umeenea katika eneo kubwa, na hakuna busara ya kumtaka kila mwenye shimo dogo aajiri mhandisi wake ilhali wote wanachimba udongo wa jamii moja. Kaunti ichukue sampuli katika matimbo kadhaa tofauti, sampuli zisizovurugwa, zipimwe zikiwa na unyevu wa kawaida na zipimwe tena zikiwa zimeloweshwa hadi kujaa maji. Kutokana na vipimo vya kulowa, itengenezwe jedwali fupi linaloonyesha kwamba kwa kimo hiki cha ukuta mwinamo usizidi huu, na kwamba kupita kimo hiki lazima ukuta ukatwe ngazi zenye upana huu. Si fikra ngeni. Donald Taylor alichapisha michoro ya aina hiyo huko Marekani mwaka 1937, ikamwezesha mhandisi kusoma uthabiti wa mteremko kutokana na kimo, mwinamo, msuguano na mshikamano bila kuanza hesabu upya, na michoro yake ingali inafundishwa. Jedwali letu liandikwe kwa Kiswahili na Kigiriama, libandikwe kwenye kila lango la timbo, na mkaguzi afike akiwa na kamba, futi na kipimo cha mwinamo, vitu ambavyo vinaenea katika mfuko wa koti.

Najua litakalosemwa: mwinamo mdogo unakula ardhi, na kwa mwenye ekari moja kila mita ya mteremko ni kifusi asichokiuza. Ni kweli, na sitadai kwamba gharama hiyo ni ndogo kwake. Ndiyo maana nataka nambari zitokane na udongo wenyewe badala ya kunakiliwa kutoka kitabu cha nchi nyingine, kwa kuwa kitabu chenye tahadhari kupita kiasi kitapuuzwa na wachimbaji, nao watakuwa na haki kiasi fulani. Jedwali pia litakuwa na mipaka. Halitafaa mahali penye tabaka la mfinyanzi chini ya mchanga, kwa maana maji hukusanyika juu ya tabaka hilo na kulifanya uso wa mtelezo, wala mahali penye chemchemi, wala karibu na nguzo za umeme au nyumba. Huko mhandisi aliyesajiliwa ni lazima. Halihusu kamwe matimbo ya mawe ya matumbawe, ambayo huanguka kwa sababu nyingine za mipasuko ya mwamba. Wakati tunalisubiri, mambo machache hayahitaji maabara: kuchimba kwa chini kukomeshwe, malori yasiegeshwe ukingoni, mfereji uchimbwe kwa juu ili maji ya mvua yasiingie timboni, na pasiwe na mtu chini ya ukuta baada ya mvua kubwa hadi ukingo wa juu ukaguliwe nyufa.

Jambo la mwisho ni la wakati. Sampuli zinaweza kuchukuliwa kiangazi, Januari hadi Machi, njia zikiwa zinapitika, lakini kiwango cha maji hakiwezi kupimwa kiangazi. Mabomba membamba ya plastiki yenye matundu kwa chini yafukiwe nyuma ya kuta za matimbo machache kabla ya Aprili, kisha kina cha maji kisomwe kila juma hadi mwisho wa Juni. Msimamizi wa timbo anaweza kukisoma mwenyewe kwa kuteremsha kamba yenye uzito na kuandika tarehe na kipimo daftarini. Kimo cha juu kabisa cha maji kitakachopatikana katika madaftari hayo, yaani pale maji yalipokuwa karibu zaidi na uso wa ardhi, ndicho kianzie hesabu za jedwali, na masika ya mwaka wa kwanza yakiwa haba, usomaji urudiwe mwaka unaofuata kabla jedwali halijapigwa muhuri.

Wako mwaminifu,
Mpimaji udongo mstaafu,
Barani, Malindi